Mshika Usukani Asiyepewa Neno

Sisi wa Kisangani twakaa mahali ilipoishia safari moja iliyopata sifa duniani. Tarehe 1 Septemba 1890 meli ya moshi, Roi des Belges, ilifika hapa, siku zile pakiitwa Stanley Falls. Ndani yake alikuwamo baharia Mpolandi, Joseph Conrad. Meli ilimchukua wakala wa pembe za ndovu, Georges-Antoine Klein, mgonjwa, naye akafa njiani tarehe 21 mwezi uleule. Mwaka 1899 Conrad alitoa hadithi yake, Heart of Darkness.

Ni hadithi ya kutisha, jamaa ya zile ziitwazo za Gothiki. Badala ya ngome yenye mizimu kuna mto, ukungu, na nyumba iliyo na vichwa vya watu juu ya nguzo. Humo anakaa Kurtz, mtu wa maneno mengi matamu, naye ndiye akumbukwaye na wengi.

Lakini tumtazame mwingine, yaani Mwafrika aliyeshika usukani wa meli. Hana jina, wala hatuandikiwi neno lake hata moja. Mkuki wamchoma ubavuni, aanguka miguuni pa nahodha Marlow. Amtazama kama mtu atakaye kuuliza jambo, kisha akata roho kimya.

Kimya hicho chafanya kazi gani? Kwanza, champima Kurtz. Huyu alikuwa sauti tu. Yule alikuwa mtu wa kazi. Marlow mwenyewe akiri kwamba hana hakika kama Kurtz alistahili kugharimu uhai wa mtu yule. Basi aliyetafutwa kwa taabu zote aonekana mwepesi mizanini, na asiye na jina aonekana mzito.

Pili, chamshitaki mwandishi. Katika mswada wake Conrad aliandika kwanza Klein, kisha akageuza kuwa Kurtz. Wakala alipata majina mawili. Mshika usukani hakupata hata moja. Wala si kwamba huku hapakuwa na lugha. Tippu Tip alifanywa liwali wa hapa mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa kikisemwa ukingoni meli ile ilipofika. Mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alimlaumu Conrad kwa kuwanyima Waafrika usemi. Twaona alisema kweli. Hata hivyo, yale macho ya mtu anayekufa yamebaki kitabuni kama swali ambalo mwandishi mwenyewe hakuweza kulijibu.

Ndugu, meli hazikujiendesha. Walikuwapo watu waliokata kuni, waliopima kina cha maji, walioshika usukani. Ikiwa babu yako alikuwa mmoja wao, andika leo jina lake, kijiji chake, na mambo aliyokuwa akisimulia. Vitabu havikumwuliza, tusipomwuliza sisi, nani atamwuliza?