Katika Milima ya Kabare: Mbwa, Mbuzi na Akiba ya Nyumba

Safari hii hatuwapeleki mbali. Twapanda pamoja milima ya Kabare, juu ya ziwa Kivu, ambako tulipita katika kiangazi cha mwaka 2018. Tuliondoka Bukavu alfajiri. Njia ya Kavumu huelekea kaskazini: mkono wa kuume ziwa limetulia, mkono wa kushoto migomba na mikaratusi, na wanawake wenye mizigo migongoni washuka sokoni. Tulipofika Miti, ambako njia ya Tshivanga huachana na njia kubwa, tuliteremka garini tukaendelea kwa miguu. Mbele yetu ulisimama mlima Kahuzi, wenye kimo cha meta 3,308, na kilele chake kilikuwa kimejifunika ukungu.

Nchi hii ni nchi ya ng'ombe tangu zamani. Kwa Washi, ng'ombe ndiye mahari, ndiye heshima, ndiye kifungo cha urafiki baina ya ukoo na ukoo. Lakini tangu vita vya mwaka 1996 makundi mengi yalinyang'anywa, na zizi zilizojaa zikabaki majani. Je, watu walikata tamaa? La! Waliugeukia ufugo mdogo: kuku, sungura, mbuzi, na hasa simbilisi, ambao wengi wa huku huwaita kobayi kwa kufuata Kifaransa. Mnyang'anyi huwaswaga ng'ombe kumi barabarani. Lakini simbilisi kumi waweza kuwaficha kikapuni ukakimbia nao.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya mama mmoja mjane. Jikoni mwake, nyuma ya mafiga, tulisikia sauti nyembamba kama za ndege. Hao ndio walinzi wa mfuko wake. Simbilisi jike hubeba mimba siku 68 hivi, huzaa watoto wawili hata wanne, nao huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Chakula chao ni majani mabichi, na maganda ya jikoni ni nyongeza tu. Majani mabichi yasikosekane kamwe, maana bila hayo huugua. Mavi yao huenda kwenye maharagwe. “Huyu ni sabuni,” alituambia yule mama akitucheka, “na huyu ni daftari la mtoto.” Haba na haba hujaza kibaba.

Tukamwuliza, “Mama, kwa nini mlango wa jiko una komeo imara hivi?” Akajibu, “Baba zangu, mwizi wangu hana mikono. Ni mbwa wa jirani.”

Maneno hayo tuliyakumbuka muda si mrefu. Kwenye kilima cha pili tuliwakuta watu wamekusanyika chini ya mti, wazee wamekaa, na katikati baba wawili hawatazamani. Usiku uliopita mbwa watatu wa mmoja walivunja zizi la mwenziwe wakamwua mbuzi jike mwenye mimba. Mbuzi huyo alikuwa amewekwa auzwe mwezi wa Septemba, ili binti wa nyumba alipiwe shule. Nasi tulimwona binti huyo amesimama pembeni, kimya, akiushika mti.

Mwenye mbwa alijitetea: “Mbwa wangu siwalishi, ni kweli. Mimi ni maskini. Mbwa hujitafutia.” Mzee mmoja akamjibu polepole: “Wajitafutia, nao wamejipatia. Ulidhani waweka akiba ya ugali, kumbe ulikuwa ukikopa mbuzi wa jirani yako.” Hakuna aliyecheka.

Kisha mzee yule akauliza neno ambalo wengine walikuwa wamelisahau: “Na mtoto aliyewafukuza mbwa, mkono wake umeoshwa?” Kumbe kijana wa miaka tisa alikuwa ameumwa kidoleni! Mama yake alikuwa ameweka majani yaliyopondwa na kufunga kitambaa. Mara hiyo mashauri ya mbuzi yakasimama. Kitambaa kikafunguliwa, jeraha likaoshwa kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, nasi tukafuatana na baba yake mpaka hospitali.

Wazazi, hapa yatupasa kusema waziwazi. Kichaa cha mbwa hupita katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia jerahani na kupanda polepole kwenye ubongo. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni jambo adimu mno. Karibu wote hufa. Lakini kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili upo muda, mara nyingi majuma au miezi, na katika muda huo chanjo huokoa. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, jambo hili lajulikana. Basi msifunge jeraha kwa majani, wala msingoje mtoto augue. Osheni dakika 15 kwa sabuni, mwende hospitali siku ileile, na sindano zimalizwe zote kwa siku zilizopangwa. Kidonda kidogo kisiwadanganye.

Mbwa wale watatu walifungwa, wakatazamwa siku kumi. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa katika mate, kwa kawaida huugua na kufa kabla siku hizo hazijaisha. Hawakuugua. Hata hivyo mama wa kijana yule alituambia baadaye kwamba hakuna kilimo kilichowahi kumchosha kama siku kumi zile.

Wazee walikata shauri hivi: mwenye mbwa atoe mbuzi jike mwenye mimba, naye abaki na mbwa mmoja tu. Alilipa. Ili kulipa aliuza sungura wake wote. Ndiyo gharama ya mbwa asiyelishwa.

Nyumba ya tatu ilikuwa karibu na Lwiro. Kabla hatujaona mtu tulisikia kengele ya mti, kama ile wanayofungwa mbwa wa wawindaji msituni. Mbwa mwekundu alitujia, akanusa, akasimama. Kuku walichokora chini ya miguu yake wala hakuwatazama. Mbuzi walilala kando yake. Tulistaajabu, tukamwomba mwenye nyumba atufundishe.

“Si uganga,” alisema. “Nilimchukua kwa mama yake akiwa na majuma manane, nikamlaza karibu na zizi, nyuma ya fito, awasikie mbuzi na kuwanusa kila siku. Akimkimbiza kuku, namzuia palepale kwa sauti, akitulia, namsifu. Sikumwacha peke yake na ufugo mpaka alipotimiza zaidi ya mwaka.” Ndivyo ilivyo: mtoto wa mbwa huifungua akili yake hasa tangu juma la tatu hata mwezi wa tatu au wa nne, na anayoyazoea wakati huo huwa ndugu zake. Samaki mkunje angali mbichi.

Chakula je? Hakinunuliwi mbali. Ugali uliobaki, maji yaliyopikiwa mifupa, vichwa vya sambaza na vipande vyake vilivyovunjika ambavyo wauzaji huviacha chini ya vikapu. Vyapikwa pamoja jioni, bila kitunguu, maana kitunguu humdhuru mbwa; wala hapewi mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika kama miiba. Mchana hufungwa kivulini kwa kamba ndefu, maji karibu naye; usiku hufunguliwa ndani ya ua. Kengele huwapa majirani habari iwapo ametoka.

Jambo jingine mzee huyu alilishika sana. Akichinja mbuzi, hamtupii mbwa maini wala mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji. Humo hukaa mbegu za tegu. Mbwa akila, minyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na mavi yake, mbuzi huyala majanini, na watoto huyabeba kwa mikono. Ndani ya mtu hufanya uvimbe wa maji iniini au pafuni, ugonjwa wa miaka mingi. Basi matumbo hayo yapikwe sana, au yafukiwe chini kabisa, na watoto wanawe kabla ya kula.

Na chanjo? Alituonyesha karatasi, aliyoihifadhi katika kopo pamoja na karatasi za watoto. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa siku anazoandika mganga wa wanyama. “Baba,” tulimwambia, “watu husema mbwa hafai kupotezewa feza.” Akajibu, “Nahesabu hivi: sindano moja, au mbuzi mmoja, au mtoto mmoja. Chagueni ninyi.”

Tulishuka jioni, moshi wa majiko ukipanda migombani. Tangu wakati ule milima hii imeona taabu nyingine, na mwezi wa Februari 2025 vita vikaingia mpaka mjini Bukavu. Kwa hiyo kile kidogo kinachosalia nyumbani, mbuzi mmoja au simbilisi watano, kimezidi thamani, na hapana budi kukilinda. Kubana matumizi si kumnyima mbwa chakula, wala kuruka siku ya chanjo. Kubana matumizi ni kujua gharama ipi huzuia gharama kubwa zaidi. Mbwa mmoja aliyeshiba, aliyefundwa, aliyechanjwa, apita mbwa watatu wenye njaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na jirani akikosana nawe kwa ajili ya mbuzi, hata ukuta hautarudisha amani upesi.

Kuhusu yule binti: mbuzi aliyelipwa alizaa watoto wawili. Mmoja aliuzwa, na malipo ya shule, ingawa yalichelewa, yalitimizwa.