Mpira wa Mashine ya Presha Kabla ya Shughuli



Shaabani ikiingia, na tena Mfunguo Mosi harusi zinapofuatana, nyumba za huku visiwani huwa ni maji tu. Mazulia yanatolewa nje, baraza zinasuguliwa, kuta za uani zilizoota ukungu zinaoshwa. Sisi majirani watano tulinunua mashine ya presha kwa pesa za upatu. Inazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye shughuli tunamwazima. Mashine yenyewe haina tabu. Cha kuangaliwa ni mpira.

Mpira huu si ule wa kumwagilia maua. Ndani una wavu wa waya au nyuzi ngumu, kwa sababu mashine ndogo ya umeme husukuma maji kwa baa 100 hadi 150, na za petroli huzidi hapo. Soma namba iliyopigwa ubavuni: lazima iwe juu ya ile ya mashine yako. Ukienda dukani nenda na wa zamani mkononi, usitegemee kueleza kwa mdomo. Vichwa viwili hufanana kabisa kwa nje, nati ikaingia vizuri, kumbe kipini cha ndani kimoja ni milimita 14 na kingine 15. Ukifika nyumbani maji yanaruka, na muuzaji hakumbuki kukuona.

Kuutunza si kazi. Kazi ikiisha zima mashine, funga bomba, kisha bana mkono wa bunduki mpaka presha yote itoke ndipo ufungue. Uzungushe duara pana, usiukunje. Usiulaze juani wala usiuburure kwenye kona za mawe. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, mwisho pitisha maji baridi ya bomba, maana chumvi hula vichwa vya chuma.

Maji yakidondoka kwenye kiungio tu, mara nyingi ni oringi, kiduara cha mpira cha bei ndogo. Lakini ukiona uvimbe, au waya umechungulia, mpira huo umekwisha. Utepe na ukanda wa tyubu ya baiskeli havizuii presha ile.

Hapa ndipo tulipokosana na mama mmoja, mwenzetu wa karibu sana. Ilikuwa siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, mazulia yameshatandazwa uani, na karibu na kichwa mpira umefanya uvimbe kama yai. Akasema, "Jamani wanangu, utatufikisha jioni, mimi nitaushika kwa kanga." Tulikataa. Maji yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ile hupenya ngozi. Jeraha la juu huonekana kama umechomwa sindano, na huenda lisiume sana, ilhali ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aambiwe wazi kuwa ni mashine ya presha. Kwa hiyo kuvuja hakutafutwi kwa kidole, wala kwa kanga. Na biharusi mwenyewe alikuwa pale pale anasaidia, mikono yake inangoja hina kesho yake.

Mama alinuna. Mazulia tukayasugua kwa brashi na sabuni hadi baada ya Alasiri, wanawake sita, migongo ikatuuma wiki nzima. Harusini alitupakulia biriani bila ya kutuangalia, na biriani lenyewe, tuseme kweli, lilikuwa zuri.

Tangu hapo kila anayeazima anatia chochote kwenye kopo la mpira ujao, awe tajiri au yatima, ili asilaumiwe aliyeharibikiwa mkononi. Mama yule alikuwa wa kwanza kutia. Ule wa zamani tumeukata vipande vifupi vifupi, asije mtu akauokota jalalani akaufunga tena.