Picha Hizi Zinashindana na Nani?

Mimi ni mchoraji wa Mwanza. Kazi iliyonilisha kwa miaka mingi ni kuandika mabango ya maduka, saluni na mama lishe. Usiku nilichora twiga na machweo ya ziwa kwa ajili ya wageni wanaopita mjini kwenda Serengeti. Picha nampa dalali, dalali ananiletea hela, basi. Mnunuzi sikumwona uso, wala sikujua kama picha aliitundika ukutani au iliishia uvunguni. Siku hizi vijana wakinijia wakitaka niwatajie vitabu, wasanii na mahali pa kuwafungua macho, jibu langu la kwanza ni moja: panda daladala ya Kisesa, ukishuka ulizia njia ya Bujora.

Ni kilomita kama 20 tu kutoka mjini, barabara ya Musoma. Wengi wanapajua kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Mimi nilikwenda kutafuta maumbo mapya ya kuchora. Nilikaa ndani ya jengo la vifaa vya watemi, ambalo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, nikajaza daftari langu kwa michoro ya ngoma. Utemi ulipofutwa baada ya uhuru, ngoma za watawala wengi wa Usukumani zilipata hifadhi hapo.

Mzee mmoja alisimama nyuma yangu kitambo bila kusema neno. Akaomba daftari, akapekua. Akaomba na simu, nikamwonyesha wale twiga.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "picha hizi zinashindana na nani?"

"Hazishindani, babu. Zinauzwa."

Akacheka hadi akakohoa. "Haya. Njoo Bulabo."

Bulabo ni sherehe ya ngoma inayofuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Asubuhi watu wanaandamana na Ekaristi. Baadaye uwanja wanauchukua Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya wachezaji, na kila kimoja kinajinasibisha na manju wa karne ya 19: Bagika na Ngika, Bagalu na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake. Watazamaji wako katikati. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi za alama. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda, na kila mtu anaona kwa macho yake nani amebaki anachezea vumbi.

Nilianzia pembeni, walipokuwa wakiwasha majani makavu na kupasha ngoma ili ngozi zikaze. Kijana mmoja alikuwa anagonga kwa ncha za vidole, anatega sikio, anairudisha kwenye joto, anagonga tena. Kwa upande wa pili filimbi zikalia, akatokea manju na chatu shingoni. Lo! Tulikimbia wote, mimi na daftari langu. Waliobaki kule nyuma wakatoa majembe. Wakayarusha juu, yakazunguka, wakayadaka kwa mpini bila kupoteza mdundo, njuga miguuni zikajibu. Umati ukaanza kurudi. Chatu akapelekwa karibu zaidi na watu, watoto wakapiga mayowe, wakamtazama, wakamzoea. Kisha manju wa majembe akaanzisha wimbo wa kumsuta mpinzani wake, watu wakacheka na kuitikia, na hapo hakuna aliyeondoka tena.

Jambo hilo ndilo lililonigeuza. Nyoka huvuta watu, lakini hawezi kuwabakiza. Wapo wanaosema manju wanashinda kwa dawa ya mvuto, nami siwabishii, walioitengeneza wanajua. Nilichokiona mimi ni mtu anayetunga huku mpinzani wake yuko mbele yake, na jibu la wasikilizaji analipata papo hapo, miguuni mwao.

Tangu hapo sichori peke yangu. Nina mwenzangu, mchoraji ambaye rangi zake siziwezi na yeye zangu haziwezi. Siku za mnada tunatundika kanvasi zetu zikitazamana, njia ya watu ikipita katikati, halafu tunakaa kwenye ndoo na kutazama miguu. Nywele za twiga nilizokuwa nazichora moja moja hazionekani ukiwa ng'ambo ya njia. Umbo ndilo linaloonekana, na nafasi kati ya umbo na umbo. Sasa nachora watu zaidi kuliko wanyama, kwa sababu muuza dagaa akimwona muuza dagaa pichani husimama, hubishana kuhusu jinsi ungo ulivyoshikwa, na huwa yeye ndiye mwenye haki. Mauzo hayakupanda sana, tusidanganyane. Lakini nyuso ninaziona.

Vijana nawaambia wasiondoke Bujora bila kuingia kanisani. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho, alifika pale miaka ya 1950, wakati wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa kazi ya shetani. Yeye aliijengea uwanja. Altare ya kanisa lake imefuata umbo la kiti cha mtemi, na tabenakulo umbo la nyumba ya Kisukuma. Hata bibi asiyejua kusoma akiingia anatambua kwamba aliyemo humo ni mtawala. Wapo wanaolalamika kwamba ngoma ikishaingia uwanja wa misheni hufungwa kamba. Huenda, ingawa yule manju na nyimbo zake za kusuta sikumwona na kamba yoyote.

Na baada ya Bujora, ng'ambo ya maji, Ukerewe: Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, viungo vikimuuma uzeeni, na ilipochapwa mwaka 1980 alikuwa amebakiza muda mfupi wa kuishi. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Ndani mna kuvua, kulima, kupika pombe, kutibiana na kutongozana, yote kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Mwenzangu ananitania kwamba kwa kanuni yangu ya miguu Kitereza alishindwa, maana umati wake ulifika yeye ameshazikwa. Tumelibishania hilo siku nyingi za mnada na jibu bado sina. Kitabu ninacho. Anayekitaka aje aazime, ila aache kitambulisho, kwa sababu nakala yangu ya kwanza haikurudi.