Kofia na Maneno Kumi

Wanafunzi wa lugha huogopa hesabu, na mwalimu wao mara nyingi huwa mwoga kuliko wao. Mimi nalikuwa mmoja wa walimu hao. Nilipopewa somo la takwimu, kwa kuwa mtafiti wa lugha siku hizi hana budi kuhesabu maneno, nililipokea shingo upande. Mtihani ulipokaribia, niliona kuwa darasa limeshika majina ya mambo bila ya kuyajua mambo yenyewe. Basi tukadurusu kwa mchezo.

Niliandika ubaoni: "Watoto wa mji ule walikimbia na kuimba kwa furaha sana." Fungu la kwanza la wanafunzi lilitakiwa kuchagua kwa jicho maneno matatu yaliyo mfano mwema wa sentensi nzima. Fungu la pili liliandika kila neno katika kipande cha karatasi, likavitia vyote katika kofia yangu, likatoa vitatu pasipo kutazama. Kila fungu lilihesabu herufi za maneno yake na kutafuta wastani. Mshindi ni yule aliyekaribia wastani wa maneno yote kumi.

Fungu la kwanza, likiona haya kuchagua vijineno kama "wa" na "na", lilileta "watoto", "walikimbia" na "furaha": herufi 22, wastani 7.3. Kofia ilitoa "mji", "kwa" na "furaha": herufi 12, wastani 4. Wastani wa kweli ni 4.5. Walioshindwa walipiga kelele kuwa ile ni bahati tu, nami nilikiri kuwa wana haki, kwani kofia ingeweza kutoa "wa", "na" na "mji", ikaanguka hata 2.3. Tukatoa tena na tena, huku kila jibu likiandikwa ubaoni. Majibu yalipanda na kushuka, walakini yaliizunguka ile 4.5. Makosa ya kofia huenda huku na huku. Kosa la jicho hukaa upande mmoja. Katika maneno kumi hupatikana mafungu 120 ya maneno matatu matatu, na hakuna hata moja lipitalo herufi 22. Wateule wetu walikuwa wamepanda kileleni wakidhani wamesimama katikati! Mwingine akapanga maneno kwa urefu, akaona kuwa namba ya kati ni 3.5, na kwamba "walikimbia" peke yake limeuvuta wastani juu.

Niliwasimulia habari za jarida la Marekani, Literary Digest, ambalo mwaka 1936 lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya walioulizwa yalitoka katika orodha za wenye simu na motokaa, na katika miaka ile ya dhiki hao hawakuwa mfano wa taifa. Wingi wa majibu haukuponya upendeleo.

Nalidhani somo limekwisha. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye husema kwa nadra, akainua mkono: "Mwalimu, samahani. Zile barua za tasnifu yako, zilipita katika kofia?"

Tasnifu yangu ya udaktari ilidai kuwa waandishi wa barua za kale za pwani walipenda vitenzi virefu, vyenye viambishi vingi. Nimelifundisha dai hilo miaka mingi. Barua nilizichagua mwenyewe. Nilichukua zilizonipendeza kwa ufasaha, nikaacha zile kavu za kudai deni na kuagiza nguo. Na barua kavu ndizo zilizokuwa nyingi. Nilimjibu kuwa kofia haikuwapo. Darasa lilinyamaza, kwa adabu nadhani, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Jioni ile nilifungua sanduku la nakala zangu, nikazipa barua zote namba, kavu kwa tamu. Wiki iliyofuata wanafunzi walinitolea 40 kutoka kofiani. Hadi sasa tumehesabu 17, na vitenzi vyake vingi ni vifupi.