Kamera Yako Isiangalie Mlango Wangu

Wasee wa Umoja, Kayole na Donholm, leo tuongee hii stori ya kamera za ploti. Siku hizi ukipanda ngazi, kuna kijicho kinakumulika. Sina shida nacho. Nguo zinaanuliwa na mtu asiyezifua, mtungi wa gesi unatembea, nduthi iliyofungwa mnyororo asubuhi haipo. Kulinda vitu vyako ni sawa kabisa.

Na si lazima uwe na doo nyingi. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inaweza kuwa kamera. Kama una kompyuta kuukuu, weka Linux na programu ya bure inayoitwa Motion. Inalinganisha picha moja na inayofuata, inahesabu pikseli zilizobadilika, na zikizidi kiwango (ukiipata mpya ni 1500) inaanza kurekodi. Ndio maana paka na shuka zinazopepea kwenye kamba zitakujazia diski usiku kucha usipopandisha hicho kiwango. Halafu stima ikipotea na kamera inalala. Wezi wa mtaa wanajua hiyo kukuliko.

Sasa noma iko hapa. Korido zetu ni nyembamba. Kamera ya juu ya mlango wako inaona mlango wa jirani: nani ameingia saa nne usiku, nani ametoka alfajiri na viatu mkononi. Kwenye ploti yetu msimamizi alianza kuwauliza madada wa ghorofa ya tatu kuhusu wageni wao, kumbe kuna mtu alikuwa anamwonyesha klipu. Dada mmoja alihama mwisho wa mwezi. Hakuwa ameibiwa hata kijiko.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Poa, lakini nani atapeleka jirani kwa ofisi juu ya korido?

Bora kumalizia kwa mpangilio wa programu. Motion ina mask_file: unapaka nyeusi sehemu fulani, na msogeo wa hapo hauianzishi kurekodi. Lakini sehemu hiyo bado inaonekana kwenye video! Unayotaka ni mask_privacy, inayoifuta kwenye picha yenyewe. Ukimaliza, bisha hodi kwa jirani, mwite aone kwa skrini yako. Mlango wake uwe giza tupu.