Kosa la Wakili

Mtu aendaye mahakamani na wakili huazima ulimi wa mtu mwingine. Hueleza haja yake faraghani, kisha huketi kimya katika ukumbi wa hukumu akimsikiliza mwingine akiyasema mambo ya nyumba yake kwa maneno ambayo yeye mwenyewe asingaliyapata. Msaada huo ni mkubwa, kwa kuwa sheria ni msitu, na aingiaye msituni bila mwenyeji hupotea. Lakini mwenyeji naye ni mwanadamu. Huchoka, husahau, na huweza kuisoma tarehe vibaya. Hapo ndipo lizukapo swali gumu: mwenyeji akikosa njia, je, yule aliyemfuata ahesabiwe kuwa amepotea kwa hiari yake?

Swali hili huwagusa watu wengi katika nchi ya Wagusii kuliko mgeni awezavyo kudhani. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Vilima vyetu vina rutuba. Chai, migomba na mahindi humea juu yake mpaka kileleni, lakini vilima haviongezeki. Katika Kisii kila kilomita moja ya mraba hubeba watu zaidi ya 900. Shamba ambalo babu alilipima kwa macho, wajukuu hulipima kwa hatua. Kwa hiyo mzee afapo, jalada la mirathi hufuata nyuma ya jeneza, na jamaa waliokula chungu kimoja hujikuta wameketi pande mbili za ukumbi wa mahakama.

Zamani mambo haya yaliamuliwa na wazee. Kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba kwa lugha yetu, na mashamba ya nyumba hiyo yaliwaangukia wanawe wa kiume. Binti alitazamiwa kupata ardhi kwa mumewe. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ilibadili hesabu hiyo. Mtu mwenye wake wengi akifa bila kuacha wosia, mali yake hugawanywa kwa nyumba zake kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huongezwa katika hesabu kama mtu mmoja. Mtoto hapo ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Mwaka 2005, katika shauri la Rono lililohusu familia ya wake wawili, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba binti hapaswi kupunjwa mirathi ya babaye kwa kuwa ni mwanamke. Katiba ya mwaka 2010 ikaitia nguvu hoja hiyo.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya pili, nayo ilikuwa na mabinti wanne bila mwana wa kiume. Mimi ndimi kitinda mimba. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wana wanne. Baba alipofariki aliacha ekari tano. Ndugu yetu mkubwa wa nyumba ya kwanza aliomba hati ya usimamizi wa mirathi, na katika kiapo chake akaitaja nyumba moja tu. Mama na sisi mabinti hatukuandikwa, kana kwamba hatukuishi. Tangazo lilitolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kama sheria itakavyo, na siku 30 za kupinga zikapita. Lakini gazeti hilo halikufika kijijini kwetu, wala hatukuwa na habari. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Mirathi huruhusu hati iliyopatikana kwa kuficha jambo kubwa ifutwe. Mama akauza ng'ombe, akatafuta wakili mjini Kisii, na ombi likapelekwa Mahakama Kuu.

Ombi hilo lilipangiwa kusikilizwa tarehe 11 Machi 2014. Karani wa wakili aliporudi kutoka masijala aliiandika tarehe hiyo katika shajara ya ofisi, na kichwa cha tarakimu ya mwisho kikapinda kidogo. Aliyeisoma baadaye akaona 17, na barua tuliyoandikiwa ikasema 17. Basi tarehe 11 shauri liliitwa. Upande wa pili ukasimama, upande wetu ukawa kiti kitupu, na jaji akalitupa ombi kwa sababu ya kutohudhuria. Tarehe 17 tulifika alfajiri. Tuliitafuta namba ya shauri letu katika orodha iliyobandikwa ukutani, tukaitafuta tena, isionekane. Karani wa masijala ndiye aliyetuambia kwamba shauri letu lilikwisha siku sita zilizopita.

Msomaji apime uzito wa habari hiyo kwa mjane aliyeuza ng'ombe wake. Dada yangu mkubwa alisema turudi nyumbani, tusitumie tena hata senti moja. Baba mdogo, aliyetusindikiza, alisema bila kusita, "Wakili huyo amenunuliwa." Mama hakusema neno.

Katika mashauri ya jamaa kosa la wakili lina sumu isiyokuwamo katika mashauri mengine. Mtu akidaiana na mfanyabiashara wa mbali, kosa la wakili wake humnufaisha mgeni. Katika mirathi humnufaisha ndugu, na moyo wenye uchungu huamini upesi kwamba ndugu ndiye aliyelinunua kosa hilo. Shaka hiyo ikipewa mwezi mmoja huota mizizi. Hata shauri likifufuliwa baadaye, undugu huenda usifufuke, na watoto watarithi chuki pamoja na shamba.

Dawa ya shaka ni kutazama. Siku ile ile tulilipa ada ndogo masijala, tukaomba kulisoma jalada. Ndani yake tuliona maandishi ya jaji: tarehe, majina ya waliofika, na sababu ya kulitupa ombi. Hapakuwa na jambo la siri. Kutoka hapo tulikwenda kwa wakili tukiwa na barua yake mkononi. Alifungua shajara, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafunga kalamu yake.

"Mama," alisema, "kosa ni letu hapa ofisini. Sikununuliwa na mtu. Tulisoma saba mahali palipoandikwa moja."

Mama alimjibu kwa upole uliotushangaza sote. "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini najua kwamba mbegu iliyokosa mvua ya kwanza hupandwa tena kabla mvua za msimu hazijakwisha. Panda sasa."

Wakili akapanda. Aliandika ombi la kuiomba mahakama iiondoe amri yake na kulirudisha shauri. Aliapa yeye mwenyewe kiapo cha kueleza kosa lilivyotokea, wala hakumbebesha karani wake mzigo wote. Aliambatisha ukurasa wa shajara na nakala ya barua aliyotuandikia. Mama naye aliapa chake. Nyumbani alikuwa na mkebe wa Kimbo alimohifadhi kila karatasi iliyohusu shauri: stakabadhi za ada, barua, hata vipande vya tikiti za matatu. Karatasi hizo zilionyesha kwamba hakulala tangu siku ya kwanza. Ombi lilipokewa mahakamani tarehe 21 Machi, siku nne tu baada ya sisi kupata habari.

Wakili wa upande wa pili alipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kwamba shauri ni la mwenyewe, wala si la wakili; mwenye shauri asiyelifuatilia asijifiche nyuma ya kosa la aliyemwajiri. Neno hilo ni la kweli, na mahakama za Kenya zimelisema mara nyingi. Lau kosa la wakili lingekuwa udhuru wakati wote, hakuna shauri ambalo lingefika mwisho, na aliyeshinda asingelala usingizi.

Lakini upande wa pili wa mizani una maneno mazito pia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika shauri la Belinda Murai, Jaji Chunilal Madan wa Mahakama ya Rufani alieleza kwamba kosa ni kosa, hata likitendwa na wakili mzoefu aliyepaswa kujua zaidi, na kwamba mlango wa haki haufungwi kwa ajili yake. Mahakama huenda isilisamehe, lakini itafanya iwezalo kulirekebisha ikiwa haki yataka hivyo. Katika miaka ya 1980 Jaji Fred Apaloo, mzaliwa wa Ghana, aliongeza kwamba makosa yataendelea kutendeka, wala haifuati kwamba mtu aadhibiwe kwa kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Wote wawili walipata kuwa Majaji Wakuu wa Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, nayo huwaamuru waamuzi watoe haki bila kufungwa mno na taratibu.

Maneno haya mawili hayapingani. Huunganishwa na swali moja, ambalo jaji wetu alituuliza: mlipojua, mlifanya nini, na mlifanya lini? Tulijibu kwa tarehe na karatasi. Mwezi wa Mei amri ya kutupwa iliondolewa, shauri likarudishwa, na upande wetu ukaamriwa kulipa gharama za siku ile iliyopotea. Wakili alizilipa kutoka mfukoni mwake.

Siku hizo za kungoja lilitufikia neno la mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Wanawe waliposhangilia kutupwa kwa ombi letu aliwaambia, "Mmeshinda kiti kitupu." Neno hilo lilifungua njia ambayo mawakili hawakuifungua. Mwaka uliofuata nyumba mbili zilikubaliana. Hati ya kwanza ikafutwa, na wasimamizi wawili wakawekwa, mmoja kutoka kila nyumba. Hesabu ya sheria ilikuwa rahisi: wana wanne na mama yao ni watu watano, mabinti wanne na mama yao ni watu watano. Kila nyumba ikapata ekari mbili u nusu.

Nawaandikia ninyi vijana, ambao kesho mtawasomea wazazi wenu barua za mahakama, ili mjifunze kupambanua mambo matatu yafananayo kwa mbali. Kosa ni mkono ulioteleza. Wakili alikiri na kulirekebisha upesi. Uzembe ni mkono uliolala. Mteja huuliza, asijibiwe, na tarehe hupita moja baada ya nyingine. Hapo mteja ana ruhusa ya kumweka wakili mwingine na kuijulisha mahakama, ingawa baada ya hukumu huhitaji kibali cha mahakama au maafikiano ya mawakili hao. Hila ni mkono ulioiba; wakili hula fedha za mteja au humdanganya. Uzembe na hila hupelekwa mbele ya Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili, iliyoanzishwa mwaka 1989, na aliyepata hasara kwa uzembe wa wakili aweza kudai fidia mahakamani. Amchukuliaye mwenye kosa kama mwenye hila hujipotezea msaidizi. Naye amchukuliaye mwenye hila kama mwenye kosa hupotewa na mali.

Kwa hiyo mwenye shauri aiulize tarehe kwa wakili, kisha aithibitishe mwenyewe masijala. Ahifadhi kila karatasi iliyoandikwa siku na mwezi. Akisikia kwamba jambo limeharibika, alisome jalada kabla ya kumtuhumu mtu, na achukue hatua katika juma lile lile, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa mshindani wake ni ndugu, na akumbuke kwamba baada ya jaji kuondoka watu hao watateka maji katika kijito kimoja. Kuteleza si kuanguka; ateelezaye huweza kusimama, ila asikae chini akabishana na tope.