Kuziba Kwanza, Kupamba Baadaye

Wateja wangu wa Desemba huja na lalamiko moja: mti walionunua Kariakoo ulikuwa umeshiba kwenye picha ya boksi, wamefika nyumbani wanaona waya tu. Huwa siwapi pole. Nawauliza kama wameufungua. "Kufungua vipi tena, dada? Si nimeutoa kwenye boksi?" Hapo najua kazi iko wapi.

Mimi niliingia kwenye mapambo kupitia misiba. Shangazi yangu alitengeneza mashada ya kuweka makaburini, Ilala, na nilipomaliza darasa la saba nilikaa naye barazani nikimchambulia majani. Msingi wa shada letu ulikuwa pete ya majani makavu ya mgomba, yaliyosokotwa na kukazwa kwa kamba. Juu yake tulichomeka mvinje kwa wingi, kisha maua machache, maana maua ndiyo yenye gharama. Shangazi alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likanichosha: jicho la mtu halihesabu majani, linatafuta tundu. Mgomba ukichungulia mahali pamoja tu, mteja atasema shada ni la bei ya chini hata kama mawaridi yamejaa juu. Kwa hiyo tuliziba kwanza, tukapamba baadaye. Kijitawi cha kwanza kililazwa kushoto, cha pili kulia, cha tatu kikainuliwa kidogo, na kila kimoja kilificha shina la mwenzake.

Usharika wetu wa Kilutheri ulipotaka taji la Majilio, walikuja kwetu kwa kuwa pete tulikuwa nazo tayari. Mchungaji alitusimulia kwamba taji hilo lilianza Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, pale Johann Hinrich Wichern alipopanga mishumaa juu ya gurudumu ili watoto maskini aliokuwa akiwalea wahesabu siku za kuingoja Krismasi. Majani yaliongezwa miaka mingi baadaye. Shangazi alifurahi sana kusikia kwamba hata Wazungu walianza na gurudumu tupu.

Kutoka kanisani kazi ikahamia majumbani. Siku zile Dar es Salaam mti wa Krismasi ulikuwa tawi la mvinje lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Waliokwenda kwao Moshi au Lushoto walikata saiprasi kwenye ua wa nyumba. Mvinje ni mwembamba kwa asili yake, nao hukauka upesi. Tulikata matawi jioni, tukalaza mashina ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi tukafunga matawi matatu pamoja yaonekane moja. Hakuna aliyejua kuwa ni matatu.

Kisha plastiki ikafika. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka mji wa Yiwu, China, na mengi yanayomwagwa chini Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kila Novemba yametoka China pia. Majani ya bei nafuu hukatwa kwenye karatasi nyembamba ya plastiki, yakasokotwa kati ya nyaya mbili. Ni ufundi wa brashi kabisa: miaka ya 1930 kampuni ya Addis ya Uingereza, watengenezaji wa brashi, ilitengeneza miti ya Krismasi kwa mashine zilezile za kusokotea brashi za chooni. Ndiyo maana mti ukitoka boksini umelala bapa. Umebanwa ili usafirishwe, na anayeunyanyua ni wewe.

Mti wa futi sita unaweza kukula saa nzima. Vaa glavu, maana plastiki hiyo huchanja vidole. Anza na matawi ya chini, karibu na shina, uje nje. Kila kijitawi kipinde upande wake, kimoja juu, kimoja kushoto, kimoja kulia. Watu hufungua ncha tu kwa sababu ndizo zinazoonekana, wakaacha katikati wazi. Mti ukikaa ukutani, geuza matawi ya nyuma yaje mbele, kwani nyuma hakuna mgeni. Majani yaliyojikunja boksini yapulizie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, nayo yatanyooka. Pasi usithubutu.

Kamba za majani ndizo zinazowachosha watu zaidi. Nasokota mbili nyembamba kuwa moja, nafunga kwa waya laini wa kufungia nondo, ule unaouzwa kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Waya wa maua wa madukani ni ghali bure tu. Humo nachomeka mvinje mbichi au vijiti vya mkaratusi, ambao majani yake hukauka bila kupukutika ovyo. Kijani cha aina moja huonekana cha dukani. Vijani viwili vitatu vikichanganyika, macho hudanganyika. Taa huingia ndani kwanza, karibu na shina, na mipira mikubwa hufuata humohumo ndani ikiziba mianya. Midogo ndiyo ikae kwenye ncha. Theluji ya kupuliza sipulizi, mteja akitaka apulize mwenyewe. Kwa joto la Desemba la mji huu sioni inafanya nini.

Jambo moja lilinichukua muda kulizoea. Nyumba nyingi hapa hazitaki shada la mviringo mlangoni. Mama mmoja wa Kimara aliniambia waziwazi, "Mwanangu, hili peleka makaburini, hapa hatujafiwa." Alikuwa na haki yake. Tangu hapo mlangoni naning'iniza fungu refu linaloshuka, mashina juu, ncha chini, na utepe mpana mahali pa kufungia. Linakula majani machache kuliko pete, na linaonekana limejaa zaidi.

Na kama una kamba moja tu ya mita mbili, usiivute ikazunguka sebule nzima. Iweke yote mahali pamoja, juu ya mlango au juu ya kabati la televisheni, kwingine kubaki kutupu. Krismasi ikipita, kamba ining'inize kwenye msumari stoo, usiishindilie kwenye kiroba, la sivyo mwakani utaanza upya kunyoosha. Mishumaa isikae karibu na mapambo haya: mvinje mkavu huwaka upesi, na plastiki hii ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Tumia taa za LED, na uzichomoe kabla ya kulala.